Kila Desemba najipima kwa mdogo wangu: ninyi mlivukaje hapo?

Mwalimu wa Tabora

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Naleta jambo ambalo sijawahi kulisema kwa sauti, hata kwa mume wangu. Mimi ni mzaliwa wa kwanza katika familia ya watoto wanne kutoka Marangu, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nikifundisha shule ya msingi huku Tabora. Mdogo wangu anayenifuata yuko Dar es Salaam katika shughuli za kutoa mizigo bandarini, na Mungu amembariki. Miaka mitatu iliyopita aliwajengea wazazi nyumba mpya yenye malumalu na bati la msauzi, akaweka na tangi la maji, na tangu siku hiyo mimi nimekuwa mgeni katika kihamba, yaani shamba la ukoo, nilichozaliwa.

Waliotoka Kilimanjaro hawahitaji kuelezwa Desemba ilivyo kwetu. Kuanzia tarehe 20 magari yanapanda mlima, watu wanasalimiana kwa furaha ya kweli, na katikati ya furaha hiyo kuna swali ambalo hakuna anayelitamka, lakini kila jicho linaliuliza: mwaka huu umekuja na nini? Baada ya ibada ya Krismasi hufanyika mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka, na mdogo wangu hununua mkungu wa ndizi kwa bei ambayo mimi ningelipia ada ya mtoto, kisha humrudishia bibi mjane aliyeutoa. Anafanya hivyo kwa moyo safi, ninamjua. Mama naye, bila nia mbaya yoyote, huwatambulisha wageni hivi: "Huyu ndiye mkubwa, ni mwalimu. Na yule ndiye aliyetujengea." Desemba mbili zilizopita sikwenda. Nilisema nina kazi ya kusahihisha mitihani ya wilaya, na haikuwa kweli.

Kilichonifanya niandike ni jambo la Agosti. Mdogo wangu alinipigia simu akilia kwamba mzigo wa mteja ulikuwa umekwama na gharama za kuuhifadhi zilikuwa zinamwangukia yeye. Nilimpa pole kwa mdomo, lakini moyoni nilihisi kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Nilifurahi. Huyu ndiye anayewanunulia wanangu sare za shule kila Januari. Usiku ule sikulala, kwa sababu niliona nimekuwa mtu wa namna gani.

Nimejaribu mengi. Niliacha kutazama picha za watu kwenye simu kwa miezi mitatu, lakini ugonjwa wangu hauko kwenye simu, uko nyumbani. Nilifunga na kuomba Mungu aniinue, kisha nikagundua kwamba nilikuwa namwomba anisaidie kumpita. Kwa hiyo siombi kuambiwa nisijilinganishe na wengine, maana hilo nalijua na ninawafundisha watoto darasani. Ninawauliza wale waliokuwa mahali hapa wakatoka: imani yenu kwa Kristo ilifanya nini hasa?

Mzee wa Usharika

Amina, mwanangu. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka 19, na nimeketi na watu wengi wenye habari kama yako, ingawa wachache waliisema wazi namna hii. Nianze na ule usiku ambao hukulala. Mtu ambaye roho yake imekufa angelala vizuri sana usiku ule.

Soma mlango wa mwisho wa Injili ya Yohana taratibu. Petro amemkana Bwana mara tatu, naye Bwana amemrejesha kwa kumwuliza mara tatu kama anampenda, akamkabidhi kondoo, akamwambia hata kifo atakachokufa. Hakuna mwanadamu aliyewahi kupewa maneno mazito kuliko hayo akiwa ameketi kando ya moto wa makaa. Na bado hatua chache baadaye Petro anageuka, anamwona yule mwanafunzi mwingine anafuata, anauliza: "Bwana, na huyu je?" Yesu angeweza kumtuliza kwa kumwambia kwamba Yohana naye atakuwa na shida zake, au kwamba kazi ya Petro ni kubwa zaidi. Hakusema lolote kati ya hayo. Alisema: "Imekupasaje wewe? Wewe unifuate mimi." Kwa miaka mingi niliyasoma maneno hayo kama karipio, na leo nayasoma kama mtu aliyefunguliwa kamba, kwa sababu Bwana anamwondolea Petro kazi ya kusimamia hesabu za mtu mwingine.

Kwa kuwa unatoka Marangu, nadhani ulipita kipaimara kama sisi wote, ukakariri Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529. Maelezo ya sehemu ya kwanza ya Imani ya Mitume yanasema Mungu ameniumba *mimi* pamoja na viumbe vyote, akanipa mwili na roho, macho na masikio, nguo na viatu. Tulikariri kwa kuogopa mtihani wa mchungaji, tukapita haraka juu ya neno hilo "mimi". Kisha nenda kwenye amri ya tisa, inayokataza kutamani nyumba ya jirani. Angalia kwamba Luther haishii kwenye katazo. Anasema tumsaidie jirani na kumtumikia ili aendelee kuwa nacho kilicho chake. Nimeishi na maelezo hayo tangu ujana, na sijapata dawa ya kijicho iliyo wazi kuliko hiyo, kwa sababu haikungoji uanze kujisikia vizuri. Inakupa kazi ya mikono leo. Mzigo wa mdogo wako ulipokwama, amri ya tisa ilikuwa inakuita umsaidie asipoteze kilicho chake. Huna fedha, sawa. Lakini umempigia tena kumwuliza lile jambo liliishaje?

Niseme na upande wetu, maana si haki kukuachia mzigo wote. Sisi viongozi wa makanisa tuna la kujibu. Tumezoea kusoma majina na viwango vya michango mbele ya watu wote, tukijua kabisa kwamba aibu hukusanya fedha haraka kuliko mahubiri. Bwana alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Katika usharika wetu tulibishana karibu mwaka mzima, na mwishowe tuliacha kutaja viwango. Makusanyo yalipungua miezi ya mwanzo, na sijuti.

Nuru ya Asubuhi

Pole sana, dada Mwalimu. Mimi naomba nikushauri utazame pia wale walio chini yako. Una ajira ya kudumu, una mume, una watoto na wazazi wako wote wawili wako hai. Wapo vijana wenye shahada wanaozunguka mjini na vyeti ndani ya bahasha miaka mitano bila kazi. Nikianza kunung'unika, mimi hupita hospitalini kuwaona wagonjwa, na nikitoka pale nakuwa na shukrani tele.

Muuguzi, Mbeya

Ndugu Nuru, najua umesema kwa upendo, na kuwatembelea wagonjwa ni agizo la Bwana mwenyewe. Hata hivyo naomba nipingane na ushauri huo, kwa sababu niliutumia mwenyewe kwa miaka na uliniharibu.

Mimi hufanya kazi wodini. Wakati mwenzangu tuliyeanza naye kazi siku moja alipopelekwa kusoma shahada, nami nikabaki, nilijifariji kwa kuwatazama wagonjwa. Nilimwambia Mungu asante kwa kuwa mimi natembea na huyu hatembei. Siku moja mgonjwa mmoja niliyemzoea alipona akaruhusiwa kwenda nyumbani, mwanawe akaja kumchukua na gari zuri, na mimi nikiwa nimesimama mlangoni nilishtuka kuona kwamba sikufurahi. Nilikuwa nimemhitaji abaki kitandani ili shukrani yangu iendelee kuwa na mahali pa kusimama. Nilikwenda kusoma Luka 18, nikamkuta yule Farisayo hekaluni akishukuru kwamba yeye si kama watu wengine, na nikaona sala yake ni yangu neno kwa neno. Anayejipima kwa walio juu yake na anayejipima kwa walio chini yake wameshika rula ileile. Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba watu wanaojipima nafsi zao na nafsi zao hawana akili, na hakubagua wanapima kwenda juu au kwenda chini.

Sasa nijibu swali la Mwalimu, maana ameuliza imani ilifanya nini hasa. Mchungaji aliyenisikiliza hakunipa maelezo marefu. Aliniambia nimwombee yule mwenzangu kwa jina kila siku, na nimwombee kile ambacho mimi mwenyewe nilikitaka: afaulu, apandishwe cheo, apate nyumba. Wiki za mwanzo maneno yalikuwa makavu kama kutafuna majani ya mahindi. Nilikuwa namaliza sala hiyo upesi nihamie kwenye haja zangu. Sikumbuki siku ambayo moyo uligeuka, na sidhani kama kulikuwa na siku moja. Ninachokumbuka ni kwamba baada ya karibu mwaka mzima alirudi likizo, tukaketi, na nilipomwuliza habari za mtihani wake wa marudio nilikuwa nauliza kwa sababu nilitaka kujua. Nilikuwa nimeuombea mtihani ule kwa muda mrefu kiasi kwamba ulikuwa umekuwa wangu pia. Paulo anasema tufurahi pamoja nao wafurahio. Mimi niliona hilo haliwezekani mpaka kwanza nilipobeba haja ya mwenzangu mbele za Mungu.

Kitinda Mimba

Nimesoma mada hii mara tatu kabla ya kuandika. Mimi ndiye yule mdogo mwenye gari. Simaanishi mdogo wa Mwalimu, hatufahamiani. Nasema kwamba katika familia yetu nafasi hiyo ni yangu, na kaka yangu mkubwa ni mtumishi wa umma aliyeacha kuja nyumbani sikukuu.

Dada yangu, nikueleze jinsi mambo yanavyoonekana kutoka upande huu. Nyumba niliyowajengea wazazi niliijenga kwa mkopo, na sehemu ya sababu ilikuwa binamu yangu aliyekuwa amejenga mwaka uliotangulia. Kwa hiyo naomba usipite mbele ya nyumba kama hiyo ukidhani ndani yake anaishi mtu aliyekwisha kupona ugonjwa wako. Lakini pia usijifariji kwa deni langu. Mtu mmoja kanisani, aliposikia nina mkopo, alisema "kumbe," na niliona uso wake ukichangamka. Neno hilo moja lilinifunga mdomo kwa miaka. Sikumwambia mtu yeyote tena ninapoumia.

Kaka alipoacha kuja, mimi nilidhani ananidharau. Yeye alimaliza chuo kikuu, mimi niliishia kidato cha nne, na nilijua kabisa kwamba baba huyatunza matokeo ya kaka kwenye bahasha ndani ya kabati. Nyumba nzima niliyojenga haijawahi kuwekwa kabatini. Ni yeye baba humpigia anapotaka ushauri kuhusu dawa zake za shinikizo la damu. Mimi hunipigia kuhusu saruji. Miaka minne tuliishi hivyo, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake ndiye aliyependelewa, mpaka siku ya mazishi ya shangazi tulipolala chumba kimoja kwa kukosa nafasi, tukaongea hadi alfajiri.

Kwenye ile habari ya mwana mpotevu tunamzungumzia sana yule mdogo. Mimi sasa namwangalia yule mkubwa aliyesimama nje akisikia ngoma na hataki kuingia. Baba yake alitoka nje akamsihi, akamwambia, "Mwanangu, wewe u pamoja nami sikuzote, na vyote nilivyo navyo ni vyako." Kijana huyo alikuwa ameishi ndani ya mali yote ya baba huku akihesabu mwana-mbuzi asiyepewa. Kaka yangu alilia niliposema hivyo, nami nikalia, kwa sababu tulikuwa na mwana-mbuzi wetu kila mmoja.

Neno langu la mwisho kwako ni hili. Mzigo ulipokwama, mdogo wako hakuwapigia watu wanaompigia makofi mnadani. Alikupigia wewe akilia.

Katekista

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, nami naomba ruhusa ya kuongeza kidogo katika mazungumzo ya ndugu zetu Walutheri.

Mwalimu ametumia ujasiri wa kutaja alichohisi, na mapokeo ya Kanisa yana jina sahihi la kitu hicho. Papa Gregori Mkuu, karne ya sita, aliuweka wivu katika orodha ya mizizi mikuu ya dhambi, na Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliueleza kuwa ni huzuni juu ya mema ya mwenzako. Lugha yetu nayo imeliona jambo hili vizuri, maana tunaliita kijicho, tukijua kwamba kasoro huanzia kwenye namna ya kutazama. Katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, mwenye shamba anamwuliza yule anayelalamika kama jicho lake limekuwa ovu kwa sababu yeye ni mwema. Sisi Waswahili tuna bahati katika mfano huo, kwa sababu saa zake ni saa zetu. Hatuhitaji mfafanuzi wa kutueleza kwamba aliyeajiriwa saa kumi na moja alikuta jua linakaribia kuzama. Angalia pia kwamba yule wa asubuhi hakupunjwa hata senti. Alipata dinari aliyokubaliana. Aliridhika nayo mpaka alipoona mkononi mwa mwenzake dinari nyingine kama yake.

Kuna kisa cha ndugu wawili wa kike ambacho nadhani kitakufaa. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, alipokuwa mdogo alisumbuka akijiuliza kwa nini Mungu hawapi watakatifu wote utukufu ulio sawa mbinguni. Dada yake Pauline alimwambia alete bilauri kubwa ya baba yao na kastabini, ile kofia ndogo anayoivaa mshonaji kidoleni. Akavijaza maji vyote viwili mpaka juu, kisha akamwuliza kipi kimejaa zaidi. Mtoto akaelewa. Huwaonyesha watoto wa mafundisho jambo hilo kwa ndoo na kikombe cha chai, na hakuna mwaka ambao mtoto mmoja hakukaa kimya akitazama kikombe kile.

Hata hivyo sitaki kukupa kisa tu. Kijicho hukua gizani. Kwetu tunalo kitubio, na najua katekisimo yenu pia ina sehemu ya maungamo, ambapo mtu humweleza mchungaji kile kinachomwelemea moyoni na kusikia akitangaziwa msamaha kwa kinywa cha mwanadamu. Umetueleza sisi tusiokujua. Mtafute mmoja anayekujua, umwambie neno lile lile ulilotuandikia: nilifurahi. Si kwa ajili ya kujidhalilisha. Ni ili usikie kwa masikio yako kwamba na hilo limesamehewa.

Mwalimu wa Tabora

Wapendwa, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na jambo nililolifanya.

Nilimweleza mume wangu kwanza, kisha mchungaji wetu hapa. Jumamosi nikampigia mdogo wangu kumwuliza ule mzigo uliishaje. Ulitoka, lakini alilipa gharama za wiki tano kutoka mfukoni mwake, na mteja akahamia kwa wakala mwingine. Alinisimulia kwa karibu saa nzima. Sikuwa nimewahi kumwuliza kazi yake inaendaje, hata mara moja, katika miaka yote hii.

Nilipoona nguvu zinaniishia nikamwambia kwamba Desemba hizi mbili nilikuwa namkimbia yeye. Sikuweza kumwambia lile la Agosti; labda siku moja. Alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo ile mitihani ya wilaya haikuwepo?" Nikasema haikuwepo. Akanyamaza tena. Halafu akasema kwamba chumba cha nyuma katika nyumba ya wazazi, kile kinachotazama migomba, hajakiwekea kitu chochote mpaka leo kwa sababu alitaka mimi ndiye nikipange, na kwamba mama huwakataza wageni kulala humo.

Tumekata tiketi za tarehe 21, basi la kupitia Singida na Arusha. Mnada bado unaniogopesha, siwezi kusema uongo. Ushauri wa dada Muuguzi nimeuanza, ingawa sijafika kwake. Kila nikitaka kuiombea biashara ya mdogo wangu, koo linakauka. Kwa sasa naweza kumtaja jina lake tu mbele za Mungu, kisha ninakaa kimya. Mzidi kuniombea.